Punje za Chuma

Nyumbani kwetu aliyeng'ata punje ya bunduki kwenye nyama ndiye aliyepewa figo. Ndiyo desturi niliyoikuta nilipoolewa, na mama mkwe wangu alisema yeye pia aliikuta. Mume wangu akirudi na sungura, nyama ikiiva, tunakaa mezani na kila mtu anatafuna polepole huku akisikilizia meno yake. Ukigusa kitu kigumu unakitoa kwa ulimi, unakidondosha kwenye kifuniko cha soda kilichowekwa katikati ya meza, kinalia ti, na sote tunapiga makofi. Figo ya sungura haizidi haragwe kubwa, lakini kwa jinsi tulivyoigombea ungedhani ni cheo cha serikali.

Binti yetu tulimwita Kijino kwa sababu ya mchezo huo. Alikuwa bingwa. Kumbe bingwa mwenyewe alikuwa tapeli: akipata punje mbili, moja anaitoa, ya pili anaificha shavuni, anakaa nayo na kulala nayo, anaitoa siku ambayo bahati imemkimbia. Tulipomkamata tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baba yake alisema, "Huyu ana akili za babu yake," na mama mkwe akamvuta mtoto kifuani kwa furaha. Sasa kicheko kile nakijutia.

Asiyewinda nimweleze kidogo. Bunduki ya kuwindia sungura haipigi kitu kimoja kikubwa. Katriji yake ni ganda linalotoshea kiganjani, na ndani limejaa punje ndogo zaidi ya mia, zinatawanyika hewani na kumwangukia mnyama kama mchanga uliorushwa. Punje za kawaida ni za risasi, yale madini ya kijivu, mazito na laini, ambayo ukiyabana kwa jino yanabonyea. Madini hayo ni sumu. Nilikuwa nimewahi kusikia, ila nilisikia kwa sikio moja tu, kama unavyosikia kwamba chumvi nyingi ni mbaya huku unaongeza nyingine.

Mume wangu ni msimamizi wa shamba la mboga, nje kidogo ya mji. Kabichi, karoti, spinachi, na sungura wa porini wanaokuja kujihudumia kana kwamba walipanda wao. Kwa ajili yao ana kibali cha bunduki. Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, ya mitutu miwili, na kitako chake kilikuwa kimeng'aa pale shavu la marehemu lilipokuwa likiegemea. Mume wangu si mtu wa majivuno. Ukimsifia kazi anaona haya, ukimsifia shati anakuambia ni la zamani. Lakini itaje bunduki ile, utamsikia: baba hakuwahi kukosa, baba alimwangusha sungura kutoka upande wa pili wa shamba, wenzake wakisema hawaoni hata masikio. Kila wikendi aliifungua juu ya meza yangu ya kushonea na kuipaka mafuta, na mimi, fundi cherehani, nikawa napigana na madoa kwenye nguo za watu.

Kijino alianza kwa kulalamika tumbo. Kisha akawa mkali, yeye aliyekuwa akicheka na kila mtu. Zamani alikuwa akikaa chini ya cherehani akinihesabia vifungo mpaka kopo liishe. Sasa akawa anapotea katikati, anaanza upya, anapotea tena, halafu anavitupa ukutani na kulia. Mama mkwe akasema ni minyoo. Tukampa dawa ya minyoo, wapi. Mwalimu wake akaniita pembeni ya lango la shule, akasema, "Mama Kijino, mtoto amekaa darasani lakini ni kama hayupo."

Hospitali walimtoa damu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, wa kukufanya umsogelee ndipo umsikie. Aliniuliza kuhusu maji, kuhusu rangi za ukutani, kuhusu michezo ya mtoto. Nikamsimulia habari ya figo, nikitabasamu, maana ni hadithi ya kuchekesha. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Ana risasi kwenye damu," alisema. "Kwa mtoto inapanda kichwani. Inamla akili kidogo kidogo."

"Tutakuwa tunazitoa vizuri, daktari. Hatang'ata tena."

"Kuzitoa hakusaidii. Zikimpiga mnyama zinameguka, zinaacha vumbi ndani ya nyama, vumbi ambalo huwezi kuliona. Kuna katriji za chuma. Mtoto hata akimeza chuma, kitapita na kutoka. Badilisheni, au muache nyama hiyo kabisa."

Mume wangu hakuyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Alibaki nje kwenye benchi, kwa kuwa harufu ya hospitali humtia kizunguzungu. Nilimsimulia yote, neno kwa neno, tukiwa tunatembea kwenda nyumbani na Kijino katikati yetu. Kuhusu kuacha nyama hakutaka hata kusikia. "Nina bunduki na shamba limejaa sungura," alisema, "halafu nikawalishe wanangu majani kama wao?" Tulikuwa na mtoto mmoja tu, lakini akikasirika huwa anawaongeza.

Basi tukaenda kwa fundi wa bunduki. Kiduka chake kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya fundi saa na muuza mabomba, na ndani mlinukia mafuta na mbao kuukuu. Watu walimwita Kimya. Alizisimamisha katriji mbili juu ya kioo cha meza, moja nyekundu, moja ya kijani, akaiangalia bunduki ya mume wangu kwa muda mrefu, akaingiza kidole mdomoni mwa mtutu.

"Hii nyekundu ni ya risasi," alisema. "Kijani, chuma. Mtutu wako mdomoni umebanwa, unaona? Ndiyo maana unapiga mbali, punje zinatoka zimeshikamana. Risasi ni laini, ikifika hapo inajikunja, inapita. Chuma hakijui kujikunja. Kikifika hapo kinasukuma. Mtutu wa zamani, mwembamba hivi, utavimba."

"Kwa hiyo haiwezekani?" niliuliza.

"Inawezekana, mama. Naupanua mdomo. Kazi ya asubuhi moja. Ila punje zitatawanyika zaidi, na chuma ni chepesi, kinachoka haraka. Itabidi amsogelee sungura ndipo apige."

Nilishusha pumzi. Nilimgeukia mume wangu nikitegemea kuona na yeye ameshusha pumzi, nikakuta uso umemsawajika kama mtu aliyeambiwa akatwe mguu.

"Baba alipiga kutoka mwisho wa shamba," alisema.

"Mdomo ukipanuliwa hutapiga kutoka mwisho wa shamba," alisema Kimya.

"Basi haitakuwa bunduki ya baba."

"Itakuwa yako," alisema Kimya, akaanza kufuta kioo cha meza.

Mume wangu alisema atafikiria. Tukatoka. Barabarani nilimuuliza anafikiria nini, maana mimi upande wangu sikuona cha kufikiria. Alinijibu kwamba mimi ni mshonaji, na ile si sindano ya kukatika nikanunua nyingine. Nilinyamaza mpaka nyumbani. Nikanyamaza na kesho yake. Nina mdomo mrefu, jirani zangu ni mashahidi, na mume wangu huogopa kimya changu kuliko maneno. Wiki haikuisha akaja na boksi la katriji za kijani, akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Fundi ameupanua mdomo," alisema. "Umefurahi?"

Nilifurahi. Kwa nini nifiche? Nilimwandalia maji ya kuoga, nikamkuna mgongo, nikamwita baba wa watoto kwa wingi.

Lakini mimi ni fundi, na fundi hupima. Kwenye meza yangu nina sumaku ya kukusanyia pini zinazoanguka. Sungura wa kwanza alipoletwa niliipitisha juu ya nyama. Punje ziliruka zenyewe, tik, tik, zikaganda. Kijino alipiga kelele za furaha. Tangu siku hiyo mchezo ukabadilika: anayeng'ata punje anaileta kwenye sumaku kwanza, ikiruka, tunapiga makofi na figo ni yake. Nilimwambia wifi yangu, nikawaambia wateja wangu huku nikiwapima viuno: mume wangu ameharibu bunduki ya baba yake kwa ajili ya mtoto. Wengine waliguna kwa wivu. Na si hilo tu, alianza kuchuna na kuosha sungura mwenyewe, pale kwenye bomba la uani, analeta nyama imekatwakatwa, safi, tayari kwa sufuria. "Una bahati wewe," mama mkwe aliniambia. "Marehemu hakuwahi hata kunishikia kisu."

Vipimo vya pili vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza.

"Nyama bado mnakula ya risasi?" aliuliza daktari.

"Ni ya chuma, daktari. Napima kwa sumaku kila siku." Nilikula kiapo mbele yake.

Alinitazama, akaniamini. Akasema basi tutafute kwingine: vyombo vya kupikia, rangi ya kitanda, rangi ya madirisha. Nilirudi nyumbani nimefunga kibwebwe. Nilitupa sufuria mbili, pamoja na ile kubwa ya marehemu mama yangu, iliyopikia harusi yangu. Mume wangu ndiye aliyenibebea hadi jalalani. Nililia njiani, akanipigapiga begani. Kitanda cha Kijino kilikuwa na rangi ya bluu ya zamani. Alikitoa uani, akapiga magoti, akakipiga msasa siku nzima mpaka vidole vikachubuka, na mimi nikampelekea maji ya kunywa na kumwonea huruma. Kijino alikaa karibu akijaribu kuhesabu vibanio vya nguo kwenye kamba. Alikuwa hafiki mwisho.

Siku niliyojua, mume wangu alikuwa amekaa bombani na sungura nusu amemchuna, simu ikaita. Pampu ya shamba imepasuka, maji yanasomba miche. Akaacha kila kitu, akafunika beseni kwa kitambaa, akakimbia. Nikasema nimmalizie kazi, masikini, anachoka. Nikachukua sumaku kwa mazoea tu.

Nilipita juu ya paja. Hakuna tik. Nikapita mgongoni, ambako matundu yalionekana wazi, na manyoya yamezama ndani yake. Hakuna tik. Nikaigusa nyama kabisa kwa sumaku. Hakuna kilichoruka. Nilitia ncha ya kisu kwenye tundu moja, nikatoa kitu cha kijivu, nikakiweka kati ya meno. Kikabonyea.

Ndipo nilipoona kando ya beseni, chini ya kitambaa, kifuniko cha soda, kile kile cha mezani au ndugu yake. Ndani kulikuwa na punje zinazong'aa, na juu yake kibano changu cha kutolea nyuzi, ambacho nilikuwa nimekitafuta nyumba nzima na kumchapa Kijino kwa kukipoteza. Nilileta sumaku, punje zikairukia zote kwa pamoja. Nikaingia ndani kwenye boksi la kijani. Lilikuwa karibu limejaa. Ilikosekana katriji moja tu. Alikuwa ameipasua moja, na punje za katriji moja zilitosha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa msimu mzima.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye kigoda cha bombani nikisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimchukia, chuki ya kweli, ya kuhisi ladha yake mdomoni.

Alirudi ameloa mpaka magotini. Aliona sumaku mkononi mwangu, akasimama.

"Fundi aliupanua mdomo?" niliuliza.

"Mama Kijino, nisikilize kwanza."

"Aliupanua?"

"Hapana."

Mama mkwe alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko.

"Lakini za risasi nilikuwa nazitoa zote," alisema mume wangu. "Haki ya Mungu. Moja moja, kwa kibano. Nikishazimaliza ndiyo naweka za chuma, ili roho yako itulie. Nyama nilikuwa nakupa safi."

"Nilikuambia daktari alisema nini. Nilikuambia habari ya vumbi."

"Vumbi," alisema. "Nani ameliona?"

"Na sufuria ya mama yangu? Ulinibebea."

"Ulitaka kuitupa."

"Na kitanda? Umepiga msasa mpaka ukachubuka vidole, ukijua?"

Aliangalia vidole vyake. "Nilidhani labda ni rangi kweli," alisema. "Niliomba iwe rangi."

Nilijua anasema kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Mwongo wa kawaida ningemtukana yakaisha. Huyu alikuwa amejidanganya yeye kwanza, kwa uangalifu, kwa kibano, kisha akanimegea na mimi.

"Kalete bunduki," nilisema.

Aliileta, nafikiri alidhani nataka kuona mdomo. Nilimpa katriji mbili za kijani. Mwisho wa ua wetu kuna kilima cha udongo uliobaki tulipochimba choo. Nikamwonyesha.

"Weka. Piga pale."

"Itavimba."

"Nilikuwepo fundi aliposema."

"Nipe mpaka kesho. Kesho nampelekea, nakuapia, anaupanua."

"Kesho umepewa nyingi."

Alisimama akizigeuzageuza katriji vidoleni. Mama mkwe akashuka ngazi. "Mwanangu," aliniambia, taratibu, kama anavyoniambia siku zote, "hicho ni kitu cha marehemu. Ndicho alichotuachia."

"Na huyu, mama?" Kijino alikuwa kibarazani, amekumbatia magoti. "Huyu katuachia nani?"

Mume wangu hakuweka katriji. Nilisubiri, na katika kusubiri kule nilimpa nafasi zote alizostahili na nyingine za ziada. Ningemwona hata anajaribu kuifungua bunduki, pengine ningemshika mkono nikamwambia basi, yatosha. Alibaki amesimama, na kidole gumba kikipapasa mtutu juu na chini, kama mtu anayemtuliza mnyama.

Nikamnyang'anya. Alinifundisha mwenyewe kuitumia, tulipokuwa wachumba, kwa kupiga makopo. Niliweka zote mbili, nikaegemeza kitako begani, nikapiga mtutu wa kulia, nikapiga wa kushoto. Bega langu lilivilia damu, likabaki na alama ya bluu iliyokaa muda. Udongo uliruka. Mama mkwe alikaa chini palepale alipokuwa.

Mitutu yote miwili ilikuwa imevimba karibu na mdomo, pete nzima, waziwazi. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye uvimbe, akazunguka, akarudia, kisha akapiga magoti pale uani kwenye vumbi la rangi ya bluu na kulia kwa sauti. Nilimtazama. Nilikuwa nimeyasubiri machozi hayo siku ya vipimo vya kwanza. Nikayasubiri tena siku ya vipimo vya pili. Nilikuwa nimejiambia kwamba wanaume wengine hawana machozi, ndivyo walivyoumbwa. Kumbe alikuwa nayo.

Kijino alinishika gauni. "Baba ameumia?"

"Hajaumia," nilisema. "Nenda ndani ukanawe."

Sungura sasa hawaingii nyumbani kwangu. Shamba wameliwekea wavu. Daktari anasema damu itajisafisha polepole, ila kuhusu kichwa hanipi ahadi. Ananiambia tungoje, na sauti yake inakuwa ndogo zaidi. Bunduki imelazwa juu ya kabati imefunikwa shuka. Mume wangu haipaki mafuta tena, na meza yangu ni safi, na hatuna mengi ya kuzungumza.

Juzi tulikuwa tunakula maharage. Kijino akaacha kutafuna ghafla, akasikilizia, macho yakamng'aa vile ambavyo sikuwa nimeyaona siku nyingi. Akatoa kijiwe kwa ncha ya ulimi, kijiwe tu cha kwenye maharage, sikukiona nilipochambua. Akakitafutia kifuniko cha soda katikati ya meza, na hakikuwepo. Baba yake, kwa mazoea, akamkunjulia kiganja amwekee.

Kijino aliutazama mkono ule, akaupita.

"Mama," alisema, "lete sumaku."